Ruta ya Ofisini kwa Docteur

Léonie alipoanza kazi ya ufundi wa kompyuta katika kliniki moja ndogo ya mtaa wa Saio, mjini Bunia, miaka miwili iliyopita, aliikuta ruta, kisanduku cha kurushia Wi-Fi, ofisini kwa Docteur Josaphat, juu ya kabati lenye kufuli. Kitu cha thamani hukaa kwa chef, mkubwa wa kazi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kebo ya antena ilishuka kutoka paani, ikaingia kwanza kwenye ruta, kisha ikaendelea hadi depo, chumba cha stoo, kwenye seva ya pare-feu, ile kompyuta inayochuja kila kinachopita kabla hakijafikia mafaili ya wagonjwa.

Kwa mpangilio huo Wi-Fi ilibaki nje ya ulinzi. Hilo peke yake halikuwa kosa. Kosa lilikuja pale Docteur alipotaka kusoma mafaili kwenye laptop yake bila waya, na Léonie, akiwa mgeni, akamfungulia njia kwenye pare-feu, njia ambayo kila aliyekuwa kwenye Wi-Fi hiyo angeweza kuipita.

Wi-Fi hiyo ilipenya dirishani. Kila siku saa sita wafanyakazi walikaa kwenye benchi la nje, simu mkononi, wakiongea na jamaa zao. Léonie alitoka Kisangani na hakuwa na ndugu Bunia. Hapo benchini walimsogezea nafasi, wakamtania, wakamwita Mama Internet. Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote.

Jumatano moja Vital, dereva, alikuwa akitafuta mahali pa kuhifadhi nyimbo zake.

"Mama Léonie, kuya uone. Mu simu yangu muko liste ya batu."

Majina, tarehe, matokeo ya vipimo.

"Umesoma?"

"Ya kwanza tu. Ni jirani yangu." Vital, aliyezoea kuchekesha wote, hakucheka.

Léonie aliingia ofisini, akafunga mlango, akaeleza.

"Ruta ikibaki hapa, Docteur, nafunga njia, na mutatumia kebo."

"Nifungwe kamba sawa mbuzi? Hapana. Njia ingine?"

"Ruta ikae nyuma ya pare-feu, ikubali laptop yenu tu. Batu ya benchi watakosa."

"Hakuna ya kusaidia wote?"

Ilikuwepo. Seva ilikuwa na matundu mawili ya kebo. La tatu, linaloongezwa kwa kadi, lingewapa watu wa benchi njia yao peke yao. Kabla ya kuingia ofisini, Léonie alikwisha kuulizia kadi hiyo kwa simu katika kila duka la mjini.

"Hapa Bunia haiko. Inaweza kutoka Kampala. Mwezi moja, ao mitatu."

"Basi tungoje, ao ufanye leo. Weye njo fundi."

Alitamani kungoja. Alihesabu simu zilizokuwa kwenye Wi-Fi wakati huo: kumi na mbili. Kila moja ingeweza kufika pale ilipofika ya Vital.

Alifanya siku hiyo hiyo. Kebo ya paani aliipeleka moja kwa moja kwenye seva, na kutoka seva akavuta nyingine hadi ofisini. Ruta ilibaki juu ya kabati lile lile, taa zile zile.

Kesho yake saa sita Jeannine wa mapokezi alitikisa simu yake.

"Mama Internet, siye tumekukosea nini?"

"Mafaili ya bagonjwa ilikuwa inaonekana."

"Si ungetuambia tusifungue!"

"Weye? Ungefungua ya kwanza," alisema Vital. Wakacheka wote, Léonie naye.

Hakuna aliyemkasirikia. Ila Jumatatu waligundua kwamba duka la ng'ambo ya barabara lina Wi-Fi na viti vya plastiki, wakahamia huko. Léonie, aliyetakiwa kuwa karibu na seva, hakualikwa wala hakukatazwa.

Saa sita alikagua orodha ya pare-feu: kifaa kimoja, laptop ya Docteur. Ilikuwa sahihi. Akatoka na sahani yake, akaketi benchini. Kutoka ng'ambo alisikia kicheko cha Vital, lakini si alichokisema.