Vipande Viwili Kiganjani

Bi Tupa, fundi wa funguo, alikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa baba yake pamoja na meza ya kazi na lile jina la utani: ufunguo huchongwa mbele ya mwenyewe. Huuachi ukaenda sokoni, humtumi mtoto, wala huleti alama iliyogandamizwa kwenye sabuni. Unasimama pale barazani unatazama. Na ufunguo ukiharibika mkononi mwake, anaukata vipande viwili palepale, anakuwekea kiganjani, ukavitupe unakokujua wewe. Ufunguo ulioharibika ukipigwa tupa tena kidogo unaweza kufungua mlango wa watu.

"Bi Tupa, kwani mimi nakudhania mwizi?" wateja walimtania.

"Leo hunidhanii. Hii ni ya siku utakayonidhania."

Siku hiyo ikaja. Duka la vitambaa la mtaa wa pili lilikutwa limekombwa, kufuli zima, mlango mzima, hata mkwaruzo hakuna. Mwenye duka waliyemwita Mzee Jora, mtu ambaye akipiga chafya mtaa mzima unampa pole, hakwenda kwingine. Alikuja mpaka mbele ya baraza ya Bi Tupa, akasimama katikati ya barabara, akapaza sauti.

"Uliponichongea ufunguo wa pili, uliharibu mmoja kwanza! Huo ulioharibika uko wapi?"

"Nilikupa mwenyewe, mzee. Vipande viwili. Ulivitia kwenye mfuko wa koti."

"Hukunipa kitu! Umeuweka, ukawapa wezi wenzako!"

Bi Tupa aliishiwa maneno. Mzee wa mvi kichwa kizima, uongo mchana kweupe, mbele ya watu! Akajituliza: labda mzee amesahau, uzee una mambo yake. Wema huo ndio uliomponza, kwa sababu watu waliuona ukimya wake wakauita kukiri.

Askari wakaja kupekua. Walimwaga visanduku vyake vyote sakafuni, hawakupata kitu, wakaondoka bila kuokota hata msumari. Na mtaa ukasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo lazima aliitunga mmbea! Mwanamke aliyechongewa na Bi Tupa funguo za nyumba tangu akiwa bibi harusi sasa alipita upande wa pili wa barabara, macho chini kama aliyedondosha sindano. Hata fundi viatu, jirani waliyegawana naye kivuli na chai miaka yote hiyo, alibeba benchi lake akalipeleka mbali.

"Ni jua tu, dada," alisema bila kumtazama. "Siku hizi linanipiga huku."

"Pole," alijibu Bi Tupa. "Kweli jua la mwaka huu lina ubaguzi."

Alicheka peke yake, kisha akaingia ndani akalia kwa hasira. Ufundi wake ungebaki mkononi, lakini nani ampe ufunguo wa nyumba yake mtu anayeitwa mwizi? Jina likienda, tupa ni chuma tu.

Basi, adhuhuri moja, mtaa umelala kwa joto, mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa Mzee Jora, jora la kitambaa kizuri kwapani.

"Mwanangu," alianza.

"Leo nimekuwa mwanao?"

Mzee alikaa bila kukaribishwa. Akanong'ona kwamba vitambaa vimepatikana. Binti yake amevikuta stoo, nyumbani kwa huyo binti mwenyewe. Aliyeviiba ni mumewe. Ule ufunguo wa pili, Mzee Jora ndiye aliyempa mkwewe huyo, amfungulie duka asubuhi. Kisha akatia mkono kwenye koti, akaweka mezani vipande viwili vya ufunguo.

Bi Tupa alivitazama. "Ulivipata lini?"

Mzee akakohoa.

"Nimekuuliza, lini?"

"Siku ileile. Nilipotoka kukupigia kelele, nikafika nyumbani nikavua koti."

"Siku ileile!" Aliipiga meza, vipande vikaruka. "Kwa hiyo nilipomwagiwa visanduku vyangu, ulijua. Nilipokaa hapa toka asubuhi mpaka jioni bila hata salamu, ulijua!"

"Nilianza kumshuku mkwe wangu. Ningesemaje? Nyumba ya binti yangu ingevunjika."

"Na yangu? Yangu haina kuta?"

Mzee alimsogezea lile jora. Akaahidi kuongea na watu taratibu, mmoja mmoja.

"Ondoa kitambaa chako," alisema Bi Tupa. "Ulinitukana barabarani, unaniomba radhi uani? Ulipokuwa unanichafua hukwenda kwa mtu mmoja mmoja."

"Mwanangu, nikimtaja yule, nimemwaibisha binti yangu."

Bi Tupa akavisukuma vile vipande vimrudie mzee. Binti wa watu hakuwa na kosa, na yeye maisha yake yote alikuwa ametunza siri za milango ya watu. Lakini hasira haikushuka hata kidogo.

"Usimtaje. Umebadilisha kufuli?"

"Nimenunua jipya. Lina ufunguo mmoja tu."

"Basi ulete ufunguo huo kesho asubuhi, watu wakiwa wamejaa. Usimame palepale uliposimama siku ile."

Alikuja. Mtaa ulimwona akitokea kwenye kona, shughuli zikapungua zenyewe. Fundi viatu alibaki na nyundo hewani. Mzee Jora alifika mbele ya baraza, akasimama palepale pa siku ile, akautoa ufunguo, midomo ikacheza.

"Sauti, mzee," alisema Bi Tupa. "Siku ile ulikuwa nayo."

Mzee akauinua ufunguo. "Nichongee ufunguo wa duka langu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Na vile vipande ulinipa. Ninavyo. Nilisema uongo."

"Sasa mwizi ni nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hapa tunachonga funguo," alijibu Bi Tupa. "Umbea uliza kwingine."

Akaanza kazi. Pembeni alisikia benchi likiburutwa, linarudi.

"Jua limehama tena, jirani?" aliuliza bila kuinua kichwa. Fundi viatu akaanza kugonga soli.

Lakini hasira iliisukuma tupa kupita kiasi, na ufunguo wa kwanza aliouchonga ukaharibika. Aliukata vipande viwili, akaviweka kiganjani mwa mzee, akachonga mwingine taratibu mpaka ukakaa sawa. Mzee alipoupokea, akataka kuvitia vile vipande kwenye mfuko wa koti.

"Hapana," alisema Bi Tupa. "Mfuko wako naujua. Nenda navyo hivyohivyo."

Mzee Jora akaenda zake, akaupita mtaa mzima mkono mbele, kiganja wazi.