Skana Iliyoachwa Wazi

Jana mchana, baada ya kula, Kihwelo alijinyoosha kwenye kochi nyumbani kwake Iringa, akaota skana yake inamwita kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Kihwelo, umenifungua tangu Machi. Taa inaniumiza macho."

Hakushangaa. Yeye ndiye aliyeandika programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na skana za aina ile, akaigawa bure mtandaoni ili yeyote aitumie na kuirekebisha. Mwezi huo wa Machi, Salha, dada mmoja wa Pangani anayetunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye zahanati na kujifunza programu, aliipitia kazi yake, akamwandikia: "Kaka, programu yako ikifungua kifaa, ikifunge kabla haijarudi ilikotoka. La sivyo kinaganda baada ya karatasi ya kwanza."

Kihwelo aliishia hapo kusoma. Alimjibu: "Kwangu inafanya kazi. Kama unajua zaidi, andika yako."

Salha hakuandika tena.

"Basi nakufunga," anaiambia skana, na kumbe hayuko sebuleni. Yuko zahanati ya Pangani, amevaa taulo. Wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. Madirisha yote yako wazi, makabati yako wazi, hata chupa ya chai iko wazi inafuka moshi.

Anataka kurudi nyumbani. Mlangoni anazuiwa na nukta mkato, ile alama inayofunga mistari ya programu, iliyovaa sare ya mlinzi.

"Harudi mtu hapa. Hujafunga ulivyofungua."

"Nilifungua nini?"

"Vyote hivi."

Kihwelo anafunga madirisha, anafunga makabati, anafunga chupa ya chai. Mama mmoja aliyempakata mtoto anamtazama kwa huruma. "Na mdomo, mwanangu?"

Anaufunga. Mlinzi anatikisa nukta yake ya juu: bado.

Hapo skana inaletwa kwenye kitanda cha magurudumu, imefunikwa shuka hadi shingoni. "Lete sikio," inasema.

Kihwelo anainama, analaza sikio kwenye kioo. Taa inapita chini yake polepole, ya moto. Ndani ya kioo anamsikia Salha akisoma maoni yake ya Machi, bila hasira, mpaka mwisho: "Kazi yako ni nzuri sana, kaka. Ndiyo maana nimeisoma yote."

Anataka kusema samahani. Mdomo unakataa kufunguka.

Akaamka saa tisa. Aliwasha kompyuta, akayafungua maoni yale. Maneno ya mwisho yalikuwepo, vilevile, na miezi yote hiyo hakuwahi kuyafikia. Kasoro yenyewe ilirekebishwa kwa mstari mmoja. Kisha akaandika: "Dada Salha, ulikuwa sahihi. Nilikujibu vibaya mno. Nisamehe."

Alijimiminia chai, akakaa akiitazama skrini hadi chai ikapoa. Jibu likaingia kabla ya magharibi.

"Nilishakusamehe, kaka. Ila skana yetu iko stoo, siku hizi tunaandika kwa mkono, na mimi mambo ya programu nimeachana nayo. Nilikuwa nayapenda."

Kihwelo alijishika kichwa. Chini ya jibu hilo likaingia la pili.

"Halafu hukuwa na haja ya kuandika tena. Saa nane mchana uliponitumia ile picha ya sikio, bila neno hata moja, nilielewa."