Utenzi wa Siku Moja

Kapteni Jabiri Mdoe alistaafu akarudi kijijini kwao Kwaluguru na goti bovu, na kisa kimoja alichosimuliwa na askari wa Bangladeshi aliyelinda naye amani Kongo. Kwamba kwao Bengali, yapata miaka mia tano iliyopita, gavana wa kijeshi Paragal Khan, Mwislamu, alivutiwa na hadithi kuu ya kale ya Wahindu. Ilikuwa ndefu mno, tena kwa lugha wasiyoijua watu wa kawaida. Akamwagiza mshairi wa Kihindu aitunge kwa Kibengali, iweze kusikilizwa ikaisha kwa siku moja.

Jabiri hakuwa gavana. Ila alikuwa na shangazi, Bibi Zuena, aliyejua habari za njaa na vita vilivyoutawanya ukoo wao. Alizisimulia kwa Kizigua siku saba, na sauti yake ilikuwa inakwisha. Vijana hawakumaliza naye hata saa moja.

Basi Jabiri akaenda Korogwe kwa Rosina, fundi cherehani aliyesifika kwa mashairi, akamwomba azitungie utenzi wa Kiswahili utakaoisha kwa siku moja. Akampa chumba nyumbani kwake, chakula, na cherehani yake ikaja kwa bodaboda.

"Mkristo? Tena Msambaa?" kaka yake Jabiri, Sadala, alifoka. "Wazigua tumekwisha?"

"Wewe umetunga beti ngapi, kaka?"

Sadala akaondoka bila kuaga.

Miezi minane Rosina alikaa miguuni pa Bibi Zuena, Jabiri akimfasiria. Akaleta beti elfu nne. Jabiri akazisoma kwa sauti, saa mkononi. Siku mbili kamili.

"Punguza nusu. Ni amri."

"Mzee, beti hazipigi saluti," Rosina alijibu. "Nikikata ovyo, nitaacha watu njiani. Nimwache nani?"

Wakaenda kumwuliza bibi.

"Toeni vita," alisema Bibi Zuena. "Nilivirefusha kwa sababu marehemu mume wangu alivipenda. Lakini wale wanawake walioshona mbegu za mtama kwenye pindo za nguo, msiwaguse."

Vita ndivyo Jabiri alivyovipenda kuliko vyote, tangu utotoni. "Kata," akamwambia Rosina.

Baada ya mavuno watu wakakusanyika uwanja wa shule. Rosina akaanza saa mbili asubuhi. Adhuhuri wakatawanyika kwa swala na chakula, na Jabiri akabaki akitazama mabenchi matupu. Wakarudi, tena na majirani zao.

Ilipofika zamu ya wanawake wa mtama, mtu akasimama nyuma. Alikuwa Sadala.

"Huyo wa tatu ndiye aliyemzaa babu yetu!" alisema. "Mwalimu, rudia hapo."

Rosina akarudia mara mbili.

Alimaliza jua lingali juu ya miti. Jabiri akasimama kikakamavu mbele ya fundi yule wa nguo, akampigia saluti.

Bibi Zuena akainua fimbo. "Mmemsahau mbwa," alisema. "Mbwa ndiye aliyenusa maji."

Rosina akaketi palepale, akaomba kalamu.