Sindano za Nani

Mama mkwe alifungua friji ya watu kana kwamba aliinunua yeye, akasukuma nyanya pembeni, akatoa kiboksi cha sindano na kukibwaga mezani mbele ya mwanawe.

"Mpaka lini?" aliuliza. "Mwanangu anachomelea vyuma mchana kutwa, halafu jasho lake linaishia kwenye tumbo lisiloshika. Mwenyewe kaniambia mayai ya mkewe yana kasoro."

Mke, fundi cherehani, aliacha kukata kitambaa. Kuitwa tasa alikuwa amekuzoea. Hilo la mayai lilikuwa jipya. Alimgeukia mumewe. Fundi wa mageti, mtu anayegombana na wateja mpaka mtaa wa pili wanasikia, alikuwa amekodolea macho kikombe cha chai kama vile kuna kitu kimeangukia humo.

Maneno ya daktari wa uzazi yalikuwa machache: mke mzima, mume hana mbegu hata moja. Walilia pamoja, wakakubaliana kutumia mbegu za mchangiaji wasiyemjua, wakaapa siri ibaki ya wawili. Mke akajifunza kujidunga dawa za kukuza mayai, jikoni, peke yake, tumbo likijaa michubuko, kwa sababu mume alisema akiona sindano miguu inamlegea. Yote hayo aliyameza. Lakini waliapa kunyamaza. Nani alimruhusu kumpaka mwenzake matope?

"Basi naacha," alisema. "Sindano ya leo sijidungi, na kliniki siendi, mpaka aliyesema habari za mayai azirudie nikiwa hapa."

"Usinivunjie heshima mbele ya mama," mume alinong'ona.

"Yangu umeivunja nisipokuwepo."

Mume alisogeza kikombe. Alikohoa, akakohoa tena bila kikohozi chochote.

"Mama, nilikudanganya. Mwenye kasoro ni mimi. Sina mbegu."

Mama mkwe hakushtuka. Walioshtuka ni wao, kwa kuona hashtuki.

"Ni yale matubwitubwi," alisema polepole. "Ulipokuwa kijana ulivimba mashavu, ukavimba na huko chini. Daktari alinionya huenda usizae. Baadaye ningekuambia nini, na mchumba umeshapata?"

Kumbe alijua. Alijua siku ya harusi alipokuwa akipiga vigelegele, na alijua kila alipomsimanga mkwewe mbele ya mawifi. Fundi cherehani alipandwa na hasira. Mkasi ulikuwa bado mkononi. Aliuweka chini kwa usalama wa wote.

Mume alisimama. "Ulijua, na bado ukamtukana mke wangu miaka yote hii?"

"Na wewe ulijua," mkewe alimkata kauli. "Usimtwishe mama mzigo wote."

Mume alikwenda kunawa mikono, akarudi, akafungua kiboksi na kuvuta dawa kwa sindano kama alivyozoea kumwona mkewe akifanya, kwa kuibia, kutoka mlangoni.

"Kesho utawaambia na dada zako," mkewe alisema.

"Nitawaambia."

Mkewe, bado amenuna, alipandisha blauzi. Mama mkwe alibaki amesimama katikati ya jiko, hajui aketi au aage.

"Mama, sogea kidogo," mwanawe alisema bila kumwangalia. "Unatuzibia taa."