Mbuzi Watatu na Injini ya Mbithi

Hapa sokoni Kwa Vonza hakuna siri, na ikiwepo huja kuninywea chai kibandani. Kwa hivyo kila mtu alijua ndugu yangu Mbithi anaishi na Syokau bila ntheo. Mbuzi watatu tu wa kupeleka kwao Mbooni, lakini bila hao, kwetu Ukambani, mwanamke bado ni wa babake, hata mkae miaka kumi.

Si kwamba hakujaribu. Mwaka jana tulipakia mbuzi na wazee kwa kale kagari kake ka haibridi, ka injini na bateri, mlima ukakashinda. Tukarudi, na tukakuta stori imetutangulia sokoni. Badala ya kukodi pikapu kama mtu mwenye akili, Mbithi akamwambia Fundi Kivuva atoe ile injini ndogo, aweke kubwa. Miezi mitano gari likakaa juu ya mawe. Syokau akawa ananiambia akicheka: "Wacha tu, Wavinya. Siku nikipelekwa kwetu, Mbooni yote itasikia."

Jumatatu presha ikamuua Syokau.

Jumatano babake, Mzee Mwangangi, akapiga simu. "Ijumaa saa sita mchana. Kama hakuna ntheo, mwili tunautoa mochari tunamzika kwetu. Hatukumpa mtu."

Ijumaa asubuhi nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji. Mjomba wetu, Mzee Nzau, akasema, "Kodini pikapu."

"Hii injini ilikuwa ya kumpeleka yeye," Mbithi akajibu. Nani angebishana naye na yale macho?

Tukakunja viti vya nyuma, nikakaa na mbuzi, wakanikojolea rinda. Mbithi na mjomba wakakaa mbele. Tukavuka mto Athi. Pale kwa aibu ya mwaka jana, gari likapanda kama limeitwa.

"Imepanda! Wee, imepanda!" Mzee Nzau akapiga dashibodi.

Mbithi alikuwa analia tu.

Tukiwa karibu kufika, barabara ikateremka kwa kijito. Karavati ya kuvukia ilikuwa imebebwa na mvua. Saa tano na nusu.

"Rudi nyuma, tushike ile ya juu," mjomba akasema.

Njia ilikuwa nyembamba, hakuna pa kugeuzia, Mbithi akaweka rivasi. Gari likarudi hatua mbili dhidi ya mlima, likasita, likatulia. Akajaribu tena. Likatulia. Akampigia Kivuva, akaweka spika.

"Fundi, rivasi imekataa!"

"Mko kwa mlima?"

"Tuko kwa mlima!"

"Bosi... kwa hiyo gari rivasi haitumii injini. Ni bateri peke yake. Na bateri si tuliacha ile ya zamani."

"Ulisema inatosha!"

"Ulisema unataka ya kupanda. Ya kurudi hukusema."

Watu wawili wa boda wakashuka kutusukuma, matope yakawashinda. Simu ikalia. Gedion, kakake Syokau.

"Mbithi, saa sita imefika. Baba amesema tuchimbe."

"Niko hapa chini! Gedion, ningoje!"

Simu ikakatika. Mbithi akabeba beberu shingoni, akaingia majini. Mjomba akavuta mbuzi mmoja, mimi mwingine, na huu mwili wangu mnene mnaujua. Kijia kilikuwa kimesimama kama ukuta. Huko juu tukasikia majembe.

"Kaburi likichimbwa halifukiwi tupu," Mzee Nzau akahema. "Ni mtu alale humo, ama mgomba."

"Mjomba, tembea!"

Tulifika saa saba kasorobo. Gedion alikuwa ndani ya shimo, limemfika kiunoni. Mzee Mwangangi akaangalia saa yake.

"Nilisema sita."

Mbithi akapiga magoti, beberu bado shingoni.

"Na lile gari la nguvu?" mama mmoja akauliza, na kuna mtu akacheka, matangani!

"Limepanda, baba. Kurudi nyuma ndiko limeshindwa."

Hakuna aliyecheka tena. Mama yake Syokau, Mwaitu Kathini, akatoka kwa wanawake. Akamtua Mbithi yule beberu, akamfunga kwa nguzo ya nyumba. Akaja akachukua wa mjomba, akachukua wangu, akafunga wote watatu. Ndipo akageukia shimo.

"Gedion, toka humo. Kakate mgomba."

Gedion akamtazama babake. Sisi sote tukamtazama. Mzee Mwangangi akaangalia saa tena, akaivua, akaitia mfukoni.

"Panga liko jikoni," akasema.