Unga Mweusi wa Vestine

Kwa miezi mitatu Vestine Byukusenge alikuwa hapendwi kijijini Omate. Mwalimu huyo wa kemia, mzaliwa wa Masisi, ndiye aliyepeleka maji ya chemchemi ya kijiji kupimwa. Majibu yalipoonyesha urani iliyotoka kwenye miamba ya machimbo, alimsihi chifu aifunge chemchemi, naye akaifunga. Tangu hapo akina mama walitembea saa mbili kufuata maji ya kunywa.

"Haya maji iko safi!" mmoja wao, Mama Léontine, alimfokea. "Unaona nini yenye sisi hatuone?"

Sumu ile haina rangi wala harufu.

Vestine akatengeneza unga mweusi wa chuma wa kusafishia maji, wenye chembe ndogo mno hata hadubini ya shule haikuziona. Urani hunasa juu ya chembe hizo. Lakini alipoujaribu mbele ya watu, unga ulipenya mchanga na vitambaa vya kuchujia, maji yakatoka meusi kama wino. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Vestine alikusanya vyombo vyake.

Kasoki, mwenye duka kutoka Butembo, alimfuata. "Dada, si umesema iko chuma? Uivute na sumaku!"

"Sumaku yangu iko kama kidole tu, Mama Kasoki. Kazi hii inaomba kubwa."

Kasoki aliingia dukani, akatoka na spika yake ya kuitia wateja, akaipasua kwa bisibisi pale pale mlangoni na kumkabidhi sumaku nzito.

Waliiweka chini ya pipa la plastiki lenye maji ya chemchemi yaliyochanganywa na unga. Taratibu weusi ukashuka, ukagandamana chini, maji ya juu yakabaki maangavu. Unga uliotumika waliufungia kwenye pipa la chuma, usirudi kwenye maji. Chupa za maji zikaondoka kwa pikipiki kwenda maabara.

Wiki ya tatu Vestine alipanda kilimani, panaposhika mtandao, akapigia maabara simu.

"Mwalimu, urani ya maji ya kwanza ilikuwa tisini na sita," sauti ilisema. "Kikomo ni mikrogramu thelathini kwa lita. Hii yako ni mbili."

Aliteremka mbio, viatu mkononi, akipaza sauti: "Mbili! Iko mbili!"

Alijaza kikombe maji yaliyosafishwa, akayanywa yote mbele ya akina mama. Mama Léontine akakichukua, akakijaza tena, akanywa bila kupumua. Kisha akapiga kigelegele, na kina mama wote wakakipokea, wakambeba Vestine juu juu, na Kasoki akapiga ngoma juu ya bidoni tupu ya kuchotea maji.