Nyuzi Thelathini na Saba

Jumatatu saa tatu asubuhi dereva wa Mkurugenzi aliliingiza gari la kale gerejini, akazima injini, akatoka na kusimama kando, kofia mkononi. Lilikuwa gari jeusi, refu, lenye taa za mviringo na bamba la mbele lililosuguliwa hadi mtu akaona meno yake.

Dereva akaeleza shida bila haraka. Jumamosi kiwanda cha sabuni kinatimiza miaka arobaini. Mkurugenzi atapita mitaani ndani ya gari hilo, nyuma ya bendi ya tarumbeta, kwa mwendo wa watu wanaotembea. Feni ya gari ilikuwa ya zamani, ya kuzungushwa na mkanda wa injini. Injini ikienda mbio, feni nayo huenda mbio. Gari likitambaa, feni husinzia na maji ya rejeta huanza kuchemka. Kwa hiyo alitaka ifungwe feni ya umeme, ambayo haijali mwendo.

Fundi umeme wa gereji hiyo hakuwahi kukaa darasani kwa ajili ya kazi yake. Alifundishwa na kaka yake, kwenye sakafu ya jikoni kwa mama yao, kwa redio mbovu na nyaya za kuokota. Nyaya hizo karibu zote zilikuwa nyeusi. Nyekundu zilikuwa vipande tu, wakazitenga kwa ajili ya ethi, yaani waya wa kurudisha umeme, ambao hauhitaji urefu. Ndugu hao wawili wakakua na desturi yao: nyeusi ndiyo moto, yaani ya kuleta umeme, nyekundu ndiyo ethi. Dunia nzima hufanya vingine. Fundi alilijua hilo vizuri, na kila alipotaka kuunga waya alinong'ona kwanza, "Kinyume, kinyume," mkono wake usimponyoke. Ndiyo sababu gereji nzima ilimwita Kinyume.

Kaka yake ndiye aliyekuwa dereva wa gari hili. Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya Alhamisi, aliaga akaenda kazini na hakurudi. Kiwanda kiliandikisha polisi kwamba ametoroka na mwanamke wa kantini. Kesho yake mwanamke huyo alionekana kantini akigawa chai kama kawaida, lakini hakuna aliyemuuliza kitu. Tangu hapo mke wa kaka alikuwa anaitwa mke wa mtoro hata dukani, na mama yao aliacha kwenda mahali penye watu wengi. Gari nalo lilikuwa likitengenezwa kwingine. Sasa fundi wa huko alikuwa amestaafu.

 Kinyume alifungua boneti akaanza kazi. Alasiri injini ilikuwa imepoa kabisa, lakini alipopita nyuma ya gari akaegemea buti, alihisi uvuguvugu. Alichukua kipimajoto chake, akakiweka juu ya bati. Nyuzi thelathini na saba. Akaandika daftarini. Jumanne asubuhi, kabla jua halijafika gerejini, akapima tena. Thelathini na saba.

Mchomeleaji wa banda la jirani alikuja, akaweka kiganja.

"Hili ni joto la mtu," akasema, kisha akarudi kwenye geti alilokuwa anachomelea, maana mwenye mali alikuwa anasubiri.

Dereva alipoulizwa kuhusu joto hilo, alikubali kwamba analijua. Kila asubuhi huweka chupa ya maji ndani ya buti, akasema, na kila jioni huikuta tupu. Dereva aliyemtangulia ndiye aliyemwelekeza. Alipoulizwa maji yanakwenda wapi, alitazama kofia yake.

"Mzee, mimi nina watoto wanne. Sijauliza."

Jumatano Kinyume alifungua buti apate njia ya kupitisha waya. Mlikuwa na tairi la akiba na chupa tupu. Chini ya zulia alikuta waya mweusi wa zamani unaokwenda kwenye taa ya nyuma. Mahali ulipoungwa palizungushiwa uzi wa cherehani, ukapakwa nta ya mshumaa. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na watu waliowahi kuunga waya kwa uzi wake walikuwa wawili tu duniani. Kinyume alipiga magoti pale kwa muda. Halafu akaenda mbele kumaliza kazi. Feni ilikuwa imeshakaa mbele ya rejeta, rilei ya kuiwasha imefungwa kando ya betri, fyuzi ipo mahali pake. Zilibaki nyaya mbili za feni. Aliziunga, na siku hiyo hakunong'ona.

Akawasha injini, akasubiri. Maji yalipopata moto rilei ikagonga, feni ikazunguka. Shati la Kinyume likapepea. Ndipo alipojua amekosea: badala ya kuvuta hewa kuingiza kwenye rejeta, feni ilikuwa inaitoa nje. Alinyoosha mkono kuchomoa waya. Hewa iliyompiga usoni ilikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ambayo siku hizi hayauzwi tena.

"Umefunga nyeusi kwenye moto," feni ikasema kwa sauti ya kaka yake.

"Ndiyo, kaka."

"Safi. Rilei umeikaza? Barabara ya kiwandani ina mashimo."

Kinyume akajibu kwamba ameikaza. Akavuta ndoo, akaketi. Kaka akamweleza yaliyompata, kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza fundi gari lilikozimikia. Alhamisi ile alichelewa kwa dakika saba. Mkurugenzi alimwambia aingie kwenye buti, saa moja tu, ajifunze. Haikuwa adhabu mpya. Madereva wa kiwanda waliizoea kama walivyozoea gia ya nyuma. Gari liliegeshwa juani, nje ya ukumbi wa mikutano. Kikao kilikuwa kirefu, kikafuatiwa na chakula. Buti lilipokuja kufunguliwa, hakukuwa tena na mtu hai wa kufunguliwa. Mwili waliuweka chini ya sakafu ya ghala jipya, iliyokuwa inamwagwa zege wiki hiyo. Yeye mwenyewe alibaki ndani ya buti, kwa kuwa alikuwa bado hajaambiwa atoke.

"Basi toka, kaka," Kinyume akasema.

 Kaka akasema kwamba aliyemweka ni bosi, na wa kumtoa ni bosi. Alishajaribu mwenyewe, haikuwezekana.

"Mwambie mama sikutoroka," akaongeza.

Alhamisi Kinyume aliwaleta mama yake na shemeji yake. Mama aliwekewa benchi mbele ya gari. Alimuuliza mwanawe kama anakula, akajibiwa kwamba huko hakuna njaa, kiu tu. Shemeji alisimama, mikono kifuani. Alikuwa na swali moja na alikuwa amelibeba miaka kumi na tisa.

"Na yule wa kantini?"

"Yupi?" feni ikauliza.

Shemeji akaketi kando ya mama mkwe wake. Akasema basi, yameisha. Akaanza kumhesabia wajukuu waliozaliwa, na kila jina feni ililirudia mara moja, polepole, lisipotee.

Ijumaa asubuhi alikuja askari wa kituo cha jirani. Alikuwa mtu mwema. Alisikiliza feni tangu mwanzo hadi mwisho, akaandika kurasa tatu, akaisomea alichoandika, ikakiri kwamba ni sahihi. Lakini kulikuwa na kikwazo. Kwenye faili mtu huyu alikuwa mtoro, na mtoro ni mtu aliye hai. Ili aandikwe marehemu na sakafu ivunjwe, lazima taarifa ya kutoroka ifutwe kwanza, na anayeweza kuifuta ni aliyeileta. Mama akamuuliza ni nani aliyeileta. Askari akageuza kurasa, ingawa wote walijua. Ilikuwa imesainiwa na Mkurugenzi.

Mkurugenzi mwenyewe alifika alasiri, amevaa suti ya sherehe, akiijaribu. Feni ilikuwa inazunguka.

"Shikamoo, bosi," ikasema.

"Marahaba," Mkurugenzi akajibu kwa mazoea.

Alisimama akasikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anayesikiliza injini isiyo na ulinganifu. Hakukana kitu. Alisema aliagiza saa moja tu. Kikao ndicho kilichorefuka. Mama akainuka kwenye benchi. Hakumlilia wala hakumshutumu. Alimwambia kwamba hawadai chochote, wanaomba neno moja: amwambie kijana atoke.

Mkurugenzi alilifikiria ombi hilo kwa haki, mikono nyuma.

"Mama, nikimwambia atoke, nitakuwa nimekubali kwamba nilimweka," akasema. "Na kesho nina wageni."

Akamgeukia Kinyume, akamwagiza ageuze waya. Bendi haiwezi kupiga huku mtu anaongea. Kama haiwezekani hapa, gari litapelekwa gereji nyingine, na matengenezo yake yote yatahamia huko.

Kinyume alishika koleo bila kusogea. Alikuwa mzito wa kuamua mambo, na hili hakuweza kuliamua. Akamtazama mama yake. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, lakini joto la pale lilikuwa la injini. Akazunguka hadi nyuma, akakiweka juu ya buti.

"Geuza, mwanangu," akasema. "Wakimpeleka kwingine, hata joto hili hatulipati."

"Kinyume, kinyume," feni ikamnong'oneza mdogo wake, asije akakosea.

Akazichomoa nyaya akazigeuza. Feni ikaanza kuvuta hewa ndani, sawasawa, bila sauti nyingine yoyote.

Jumamosi gari lilikwenda nyuma ya bendi kwa saa mbili na robo na rejeta haikuchemka. Watoto walipunga vibendera vya karatasi. Mkurugenzi alitosheka na kazi, akaagiza gari liwe linaletwa hapo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, likaguliwe.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumatatu hiyo benchi liliwekwa nyuma ya gari, na mama alikaa kutwa, kiganja juu ya buti, akimpa mwanawe habari za mwezi. Shemeji alileta maji. Kinyume alipima, akaandika tarehe, na mbele yake, thelathini na saba. Saa kumi dereva alivaa kofia, na mama akaondoa mkono.

Mwezi wa tano gari lililetwa na dereva mgeni, kijana mwenye viatu vipya. Kinyume alimuuliza mwenzake yuko wapi. Kijana akasema kiwandani wameambiwa ametoroka na mwanamke wa kantini. Kisha akainama, akatoa kwenye buti chupa za jana, tupu. Zilikuwa mbili. Moja haitoshi tena, akaeleza, yeye hajauliza.

Kabla ya saa sita mwanamke mmoja aliingia gerejini na watoto wanne. Hakusema ametokea wapi. Mama alimtazama, akasogea mwisho wa benchi, na kumwonyesha mahali pa kuweka kiganja.